YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA FAMILIA YA LUGALO NA KALENGA

Ndugu Meneja,

Nalalamikia ziara ya Iringa mliyotuuzia kwa maelezo kwamba inafaa familia zenye watoto wadogo. Kabla ya kulipa niliwaambia kwa simu kuwa mwanangu ana miaka sita, na mhudumu wenu akanihakikishia kuwa mwongozaji amezoea watoto.

Ratiba yenu ilisema tungeanza kwa kushuka Lugalo, na ni kwa ajili ya Lugalo nilichagua safari hii. Pale, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe waliuvizia msafara wa kijeshi wa Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, wakauvamia kwa mikuki kabla askari hawajajipanga. Zelewski aliuawa palepale na msafara wake ukasambaratika. Mtoto mdogo anaielewa habari hiyo vizuri kabisa akisimama penyewe, akaona mtu anavyoweza kujibanza na kwa nini bunduki hazikufaa kitu adui alipokwisha kufika karibu. Badala yake dereva alipunguza mwendo tu, mwongozaji akanyoosha kidole dirishani kuonyesha mnara, tukapita. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa tumechelewa. Gari lenu ndilo lililotufuata hotelini saa nne badala ya saa mbili asubuhi.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni cha Kalenga. Ndani ya makumbusho, bila kuniuliza mimi wala baba yake, mwongozaji alimshika mtoto mkono hadi mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, akaanza kumsimulia namna kichwa kilivyokatwa. Mwanangu akauliza, "Aliumia?" Mwongozaji akacheka, akageukia wageni wengine. Usiku ule mtoto alilia, akakataa kulala peke yake.

Sidai kwamba fuvu lisionyeshwe kwa watoto, na makumbusho sina ugomvi nayo. Nilimpeleka mwanangu ili aijue historia hiyo, hata sehemu zake chungu. Swali lake lilistahili jibu, tena jibu lenyewe lipo: Mkwawa alijipiga risasi mwenyewe Julai 1898 ili asikamatwe, baada ya kuwindwa kwa miaka tangu ngome yake ya Kalenga ilipotekwa mwaka 1894, kwa hiyo kichwa kilikatwa akiwa amekwisha kufa. Mngeweza pia kumwambia kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilitoe fuvu hilo, na kwamba mwaka 1954 lilirudishwa kwa Wahehe. Hayo ya kurudishwa nyumbani hakuyataja hata kwa neno moja, na ndiyo ambayo mtoto angeondoka nayo akiwa ametulia.

Kwa hiyo naomba mnirudishie sehemu ya malipo inayohusu Lugalo, maana huduma hiyo hatukuipata. Pia wazazi waulizwe faraghani kabla watoto hawajapelekwa kwenye fuvu, na tangazo la "watoto wadogo" liondolewe mpaka waongozaji wenu wafundishwe kuzungumza nao kuhusu vita na vifo. Nakala ya ratiba na risiti nimeziambatanisha.

Nategemea majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mama mzazi na mteja wenu