Risala ya Wahitimu wa Kozi ya Utayarishaji wa Video kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: Assalaam alaykum! Tumsifu Yesu Kristo!

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kujumuika nasi. Karibu sana Tanga.

Ndugu Mgeni Rasmi, tangu ulipoingia ukumbini umekuwa ukiiona skrini iliyo kushoto kwako. Kila tunapohama kamera moja kwenda nyingine, inakuwa nyeusi kama sekunde mbili, kisha picha inarudi. Projekta ni nzima, na kijana aliye kwenye mitambo hajakosea. Kamera zetu tatu haziendi pamoja, na hilo ndilo tunaloomba utusikilize.

Kila kamera inatoa fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde, yaani fremu moja kila milisekunde 40, lakini kila moja imeanza kuhesabu kwa wakati wake. Ni sawa na wapiga dufu watatu waliofungiwa vyumba tofauti: kaswida wote wanaijua, ila hakuna anayemsikia mwenzake. Swichi yetu ya bei nafuu ya kuchagulia kamera inapohama, skrini hulazimika kuutafuta mdundo upya.

Tiba ziko mbili. Kuna jenloki, ambapo mtambo mmoja hutuma mdundo kwa waya hadi kwenye kila kamera. Kamera zetu hazina tundu la kuupokea. Basi inabaki miksa ya picha, yaani mtambo wa kupokea picha za kamera zote na kuchagua ya kuonyesha, yenye sinkronaiza ya fremu kwenye kila tundu la kuingizia picha. Hiyo huishika fremu kwenye kumbukumbu, ikaisubirisha, ikaitoa kwa mdundo wa miksa yenyewe. Picha huchelewa kwa fremu moja hivi, kwa hiyo sauti nayo hucheleweshwa kiasi hicho, la sivyo midomo na maneno vinaachana. Ujuzi huu ni wa siku nyingi: mtambo wa Quantel DFS 3000 ulitumika kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kuuweka mwenge ndani ya picha nyingine. Ndiyo michezo ile Tanzania iliyoisusia, Filbert Bayi wetu akakosa kukimbia.

Mwaka huu tulirekodi Maulidi, kila kamera ikirekodi peke yake. Kabla ya kuanza tulipiga kofi moja mbele ya kamera zote ili tupate pa kuzilinganishia. Mwanzo zilikubaliana. Baada ya saa nzima, kwenye kamera ya tatu dufu lilisikika kabla kiganja hakijafika kwenye ngozi. Tulikaa siku nne tukikata na kusogeza.

Wafadhili wetu wametupa kamera, Mungu awabariki. Leo hatuombi kamera ya nne. Tunaomba miksa moja yenye matundu manne ya SDI (njia ya kupitishia picha kwenye waya mrefu), kila tundu na sinkronaiza yake, viboksi vya kubadili HDMI kuwa SDI, na waya wa SDI mita 200. Kwa waya wa HDMI tulio nao, picha huanza kukatika tukisogea mbali; ndiyo maana kamera zote unaziona zimebanana hapa mbele, zikiwaziba wazazi.

Sisi tunaondoka leo, miksa hiyo hatutaigusa. Wataitumia wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, ambao ndio wameshika kamera hizo hivi sasa.

Tunaomba kuwasilisha.