Kwa vijana wetu wa Winnipeg mnaotaka kugombea

Wanangu,

Jumapili mliposema mmeahidiwa ukumbi, kwa mdomo tu, na mtu anayetaka kura zetu, mlifurahi hadi chai ikapoa. Nilinyamaza, sikutaka kuwa mzee wa kumwaga maji motoni mbele za watu. Sasa naandika.

Lile jengo la serikali pale York Avenue, mnalolipita kila siku, linaitwa Norquay. Wengi wenu hamjui kwamba ni jina la mtu. John Norquay alizaliwa mwaka 1841 papa hapa Red River, mwenye damu ya Wazungu na ya wenyeji wa nchi hii. Aliachwa yatima, akalelewa na bibi. Alifundisha shule, kisha akahamia High Bluff kulima. Jimbo letu la Manitoba lilipopata bunge lake la kwanza, 1870, watu wa High Bluff walimpeleka bila mpinzani. Mwaka 1878 akawa waziri mkuu wa jimbo. Alikuwa pande la mtu, kilo zaidi ya 130, lakini husimuliwa kwamba akienda dansini alichukua jozi ya pili ya mokasini, vile viatu laini vya ngozi, kwa kuwa ile ya kwanza haikufika alfajiri. Habari hiyo naipenda kuliko zote za bungeni.

Kilichomtesa ni reli. Mkataba wa kampuni ya reli ya Canadian Pacific ulizuia kwa miaka 20 reli nyingine kwenda mpaka wa Marekani, na mkulima wa ngano akawa hana pa kukimbilia nauli ikipanda. Jimbo likipitisha sheria ya reli yake, Ottawa, yaani serikali kuu ya Kanada, inaifuta. Norquay alibembeleza miaka, hata mwaka 1887 akaamua kujenga kwa nguvu.

Na hapo ndipo alipojikwaa, tena kwa reli nyingine kabisa, ile ya kwenda ghuba ya Hudson Bay, kaskazini. Serikali yake ilimkabidhi mkandarasi hatifungani, yaani hati za deni la serikali, za dola 256,000, ikitegemea dhamana ya ardhi itakayotolewa na Ottawa. Norquay alishikilia kwamba Macdonald, waziri mkuu wa Kanada, alikubali. Macdonald akakana. Ikawa neno la huyu na neno la yule, na mnajua la nani lilisikilizwa. Desemba hiyo alijiuzulu. Mwaka uliofuata ukiritimba wa reli ukaondolewa, sifa wakazichukua wapinzani wake. Mwaka 1889 akafariki, ana miaka 48 tu.

Msidhani nawacheka. Kule Kasulu niliwahi kutoa magunia kumi na mawili ya maharage kwa neno la mdomo. Hela yake naingoja mpaka leo.

Basi huyo wa ukumbi mwambieni aandike: ukumbi upi, fedha za nani, mwaka gani, na atie sahihi. Kabla ya hapo msimwahidi kura zetu, maana nyingine ni za mama zenu na hamjawauliza. Jumapili nakuja. Chai nitaleta mimi, karatasi mlete nyinyi.

Babu yenu