Tuwakumbuke waliofiwa hata baada ya matanga kuanuliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakazi wenzangu wa Kakamega, Busia, Bungoma, Siaya na Kisumu kuhusu vitu tunavyowapelekea waliofiwa. Ukarimu tunao, wala sijaona msiba huku kwetu uliokosa watu. Kinachonisumbua ni kwamba karibu kila tunachokitoa hukusanywa kabla ya mazishi na kumalizika siku ya mazishi, kikitumiwa kuwalisha na kuwakalisha wageni, ilhali mjane, mgane au yatima tuliyekwenda kumpa pole hubaki na mahitaji ambayo hakuna aliyemuuliza.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kuchanga kumekuwa rahisi. Siku hizi kikundi cha WhatsApp hufunguliwa siku ileile ya kifo, mweka hazina huteuliwa, kisha bajeti husomwa: mochari, jeneza, gari la maiti, hema, viti, vipaza sauti, ng'ombe, mchele. Siyapingi hayo, kwa kuwa bili ya mochari huongezeka kila siku na ni lazima marehemu azikwe kwa heshima. Hata hivyo, katika kamati za mazishi nilizokalia hapa Mumias, sikumbuki bajeti iliyotenga chochote kwa ajili ya mwezi utakaofuata.

Anayetaka kujua zawadi ipi inafaa na aende katika nyumba ya msiba asubuhi ya baada ya mazishi. Atawakuta vijana wakilifungua hema, masufuria ya kukodi yakihesabiwa na mawili yakikosekana, na mwenye duka akisubiri mlangoni na daftari la mikate iliyochukuliwa kwa mkopo. Mama mwenye nyumba, ambaye hajapata usingizi tangu kifo kilipotokea, ndiye anayetakiwa kuwajibu wote hao. Jikoni mna sukari tele kwa sababu kila aliyekuja alileta sukari, na kaburini kuna mashada ya maua ya plastiki ambayo bei yake ingelipa yale masufuria na mikate pia. Kwa maoni yangu, zawadi ya kwanza ambayo kamati yoyote inaweza kumpa mjane ni mtu mmoja mwaminifu atakayebaki pale hadi kila deni la mazishi lilipwe, bila mjane kuulizwa lolote.

Kuhusu chakula, tunao wa kutufunza papa hapa. Mumias ina Waislamu wengi, na mafundisho yao juu ya jambo hili ni ya tangu zamani: Mtume Muhammad alipopata habari za kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Mu'ta, aliagiza watu wa nyumbani kwa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Chakula basi hutoka kwa majirani kikaingia kwa waliofiwa. Sisi Wakristo wa huku tumeligeuza jambo hilo, kiasi kwamba familia yenye msiba ndiyo huuza ng'ombe au kumchinja ili kuwalisha mamia ya watu, na wengine hunung'unika wasipopata nyama. Ingefaa sana majirani wapangane zamu kwa wiki mbili au tatu baada ya mazishi, huyu alete ugali na kunde jioni, yule uji wa watoto asubuhi, na kila mmoja arudi kuchukua chombo chake na kukiosha mwenyewe.

Ni vyema pia kuijua nyumba tunayoiendea. Waadventista wengi hawanywi chai ya majani, kwa hiyo pakiti za majani ya chai tunazozirundika kwao huishia kugawiwa wageni. Nyumba ya Kiislamu haiwezi kupokea nyama ambayo haijulikani imechinjwa na nani. Tena, mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, na katika muda huo hatoki nyumbani ila kwa sababu ya lazima. Zawadi kubwa kwake ni jirani wa kumwendea sokoni, posho mill na shuleni kwa watoto.

Huku kwetu msimu nao hausubiri mtu amalize kulia. Mume akifariki Februari, mvua za Machi humkuta mkewe na shamba ambalo halijalimwa, naye asipopanda kwa wakati msiba huo huzaa njaa ya mwaka mzima. Ekari moja ya mahindi huhitaji takriban kilo 10 za mbegu na mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia, gharama ambayo kikundi cha watu kumi kinaweza kuimudu bila kuumia. Zaidi ya hayo, mbolea ya ruzuku hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa kwa kitambulisho na simu yake mwenyewe, na ikiwa aliyesajiliwa ndiye aliyezikwa, mjane huachwa nje ya mpango huo. Jirani anayempeleka kwa chifu asajiliwe kwa jina lake amempa kitu kitakachomfaa misimu mingi. Nao wenye ng'ombe wa kulima wasiseme, "Mama, ukihitaji kitu utuambie," kwa sababu mtu mwenye majonzi huona haya kuomba, waseme, "Mama, Jumamosi asubuhi tunakuja na ng'ombe, wewe tuonyeshe mpaka tu."

Kuna msaada mwingine ambao haufungwi kwa karatasi wala kubebwa kwenye kikapu, na ndio unaokosekana zaidi. Watu wengi hudhani kibali cha mazishi ndicho cheti cha kifo, wakakihifadhi na kukaa, hadi siku benki inapotaka cheti chenyewe. Cheti huombwa katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, na baada ya hapo huja safari ya mahakamani kwa mujibu wa Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981: barua ya chifu yenye majina ya warithi, fomu, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za kungoja pingamizi, na kwa kawaida miezi 6 tangu msimamizi wa mali ya marehemu ateuliwe kabla ya mgao wa mali kuthibitishwa. Mama ambaye hajawahi kuingia mahakamani huogopa hata kuuliza mlango ni upi. Mpwa aliyesoma, mwalimu mstaafu au karani wa kanisa akijitolea kuandamana naye, akamlipia nauli na nakala za karatasi, atakuwa amemsaidia kuliko mablanketi matano. Amkumbushe pia kwamba kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinamkataza mtu yeyote kuigusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, kwani wapo jamaa ambao huja kulia na kuondoka na pikipiki.

Watoto wakiwa shuleni, jambo ni rahisi: mwenye uwezo aende kwa mwalimu mkuu, aulize karo iliyobaki, alipe na kumpelekea mama risiti.

Sitaki nieleweke kwamba zawadi ni mbolea na karo peke yake. Katika kijiji kimoja karibu na Butere, wanafunzi wa zamani wa mwalimu aliyefariki walinunua daftari lenye jalada gumu, kila mmoja akaandika ukurasa mmoja kuhusu jambo ambalo mwalimu alimfanyia, na katikati wakabandika picha zake walizozitoa kwenye simu zao na kuzichapisha. Mmoja aliandika kwamba mwalimu alimlipia ada ya mtihani kwa siri na kumwonya asimwambie mtu. Mjane wake hakuwa amelisikia hilo kamwe katika maisha yao yote ya ndoa. Nimemwona akimpa mjukuu daftari hilo amsomee ukurasa huo, kisha akimwambia aurudie. Gharama yake haifiki hata ya shada moja la plastiki, na ninaamini wenzake wa kazini, wanakwaya na waendesha bodaboda wa stendi moja wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa mwenzao.

Jinsi ya kutoa nayo inahitaji kuangaliwa. Kusoma majina na kiasi cha pesa kwenye kipaza sauti kumewafanya wasio na kitu wakae nyumbani, na nimewajua wazee waliokosa kumzika rafiki yao wa tangu utotoni kwa kuona aibu ya kutangazwa na shilingi hamsini. Bahasha ikabidhiwe mkononi kwa aliyefiwa, na daftari la mweka hazina lisomwe na familia ndani ya nyumba.

Nawaomba basi wenyeviti wa kamati za mazishi, wazee wa mitaa, viongozi wa makanisa na misikiti na akina mama wa vyama waongeze mambo mawili katika bajeti zao, hata kama itabidi kupunguza hema moja au kuacha kukodi vipaza sauti vya usiku: fungu la pesa litakalotolewa mwezi wa tatu baada ya mazishi, na jina la mtu atakayeandamana na familia katika ofisi za serikali. Pesa zikibaki baada ya mazishi, zisigeuzwe kuwa chakula cha kamati, bali ziingizwe katika fungu hilo siku hiyohiyo, mbele ya mjane na watoto wake.

Msomaji wako,
Mumias, Kaunti ya Kakamega