Tuulize bei ya kilo, si bei ya gunia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu bei ya viazi mviringo, zao ambalo huku Njombe ndilo linalotusomeshea watoto.

Mnunuzi akifika shambani hatamki kilo, anatamka gunia. "Nakupa tisini," yaani shilingi 90,000, na mkulima anafurahi kwa sababu jirani yake kauza kwa 85,000. Basi kazi inaanza. Gunia linajazwa hadi mdomoni, juu yake kinashonwa kipande kingine kwa kamba, viazi vinapangwa kimoja kimoja mpaka kilemba kinasimama. Hiyo ndiyo lumbesa. Tuseme limefika kilo 130. Gawanya 90,000 kwa 130: kilo moja imeondoka kwa shilingi 692. Yule jirani wa 85,000, kama alikataa kilemba akafunga kilo 100 kamili, kauza kilo kwa shilingi 850. Yeye ndiye aliyepata bei nzuri, ingawa kijiji kizima kinamwona kapunjwa.

Lumbesa ni kosa kisheria, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo miaka nenda rudi. Lakini mpakiaji analipwa kwa gunia na nauli ya lori inahesabiwa kwa gunia, kwa hiyo kila kilo inayoongezwa juu ya kilemba inasafiri bure. Mkulima ndiye anayeigharamia. Inaniuma kuona mtu aliyelima, akapalilia na kupiga dawa msimu mzima anapoteza kilo 30 katika kila gunia, kisha anamshukuru mnunuzi.

Mlaji wa mjini naye haponi. Fungu la shilingi 1,000 hupangwa vile vikubwa vikiwa mbele na vidogo vimefichwa nyuma. Likiwa na gramu 700, kilo inamgharimu zaidi ya shilingi 1,400, na huenda meza ya tatu kutoka hapo kuna mwenye mizani anayeuza kilo kwa 1,200. Sisemi mafungu yapigwe marufuku; mwenye shilingi 500 mfukoni naye lazima ale. Ila muuzaji akipima fungu moja asubuhi na kuandika uzito wake kwenye kipande cha boksi, mteja atajua ananunua nini. Sado na ndoo ni vivyo hivyo, maana vitunguu vikubwa huacha nafasi nyingi katikati na ndoo ikaonekana imejaa.

Ninafundisha hisabati, na nasikitika kwamba watoto wanafanya maswali ya kugawanya kwa mifano ya mbali wakati baba zao wanauza mazao bila kugawanya chochote. Mtoto wa darasa la tano anaweza kabisa kumfanyia baba yake hesabu hiyo palepale shambani, hata kwa simu ya kitochi.

Ombi langu kwa halmashauri zetu: sehemu ya ushuru wa mazao inunue mizani iliyohakikiwa kwa kila kituo cha kukusanyia mazao, na bei ya siku ibandikwe kwa kilo. Ukaguzi nao uanzie huko kijijini, kabla gunia halijashonwa. Lori likikamatwa barabarani, mkulima ameshalipwa bei ya lumbesa, na faini ya dereva haimrudishii hata shilingi moja.

Mwalimu wa hisabati,
Makambako, Njombe