Njiti akisaidiwa kupumua, awepo wa kuangalia kifua tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Mimi ni mkunga, leba nimekaa miaka mingi, na hili linaniuma.

Mtoto njiti akitoka bila kupumua tunakimbilia begi na maski, yaani mfuko wa kubana kwa mkono unaomsukumia hewa mapafuni, maana ndani ya dakika moja ya kwanza hewa inatakiwa iwe imeshaanza kuingia, sasa mmoja anashika maski, mwingine anaita daktari, mwingine yuko kwenye kitovu, na kila mtu anaamini mwenzake ndo anaangalia kama kifua kinapanda, kumbe hakuna. Usiku mmoja nilibana begi nikihesabu vizuri kabisa, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika kama tulivyofundishwa, mtoto habadiliki, mapigo ya moyo yako chini ya 100, mpaka mwenzangu alipoinama akasikia hewa inatokea pembeni ya shavu. Maski ilikaa upande. Muda wote ule hewa ilikuwa inaishia chumbani! Tukaiweka upya, tukakilaza kichwa sawa, moyo ukapanda. Mtoto alipona, ila zile sekunde sijazisahau.

Na kuzidisha nako ni hatari. Mtoto wa kilo moja, pumzi yake moja ni kama mililita 4 mpaka 6, yaani kijiko kimoja cha chai, wakati begi la watoto wachanga linabeba zaidi ya mililita 200. Ukibana kwa hofu unayaumiza mapafu ambayo bado hayana ute wa kutosha wa kuyazuia yasinatane, na hata ubongoni damu inaweza kuvuja. Mkono hauwezi kupima kijiko cha hewa jamani, na jicho nalo linakosea, kifua chenyewe ni kidogo halafu tumemfunika plastiki asipate baridi.

Vifaa vya kusaidia vipo. Kuna kipimo kinachokaa kati ya maski na begi, kinaonyesha kwenye skrini hewa iliyoingia na iliyorudi, tofauti ikiwa kubwa ujue maski inavujisha. Kuna kingine kidogo tu kinachogeuka kutoka zambarau kuwa njano hewa ya mapafuni ikitoka, kile nakipenda sana kwa sababu hata mwenye wasiwasi anakielewa. Na oksimita, kile kipimo cha oksijeni kwenye damu, ifungwe mkono wa kulia, na watu wakumbuke kwamba oksijeni ya mtoto mchanga haipandi papo hapo, dakika ya pili kuwa asilimia 65 ni kawaida, kufika asilimia 85 na kuendelea inaweza kuchukua mpaka dakika ya kumi, kwa hiyo asimwagiwe oksijeni kwa sababu tu namba ni ndogo.

Lakini hata pasipo na kifaa chochote, mtu yupo. Ninachowaomba wanaopanga zamu na wanaofundisha wakunga ni huyo mtu mmoja wa kuangalia kifua, asipewe kazi nyingine yoyote. Sisi kwenye zamu yetu tumeshaanza, kabla mama hajasukuma tunataja kabisa nani wa begi, nani wa moyo, nani wa kifua, na tunafanya mazoezi na mwanasesere. Wa kifua akisema "haiingii", wa begi habishani naye hata kama ndo mkubwa wa zamu, anarekebisha maski pale pale.

Mkunga, msomaji wenu