Masomo na risasi mtaani Mathare

Mhariri,

Tarehe 7 Julai 2020, Waziri wa Elimu wakati huo, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba shule za msingi na za upili, zilizokuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, zingefunguliwa Januari 2021, na siku iyo hiyo polisi wakawarushia vitoa machozi vijana waliokuwa wakiandamana Nairobi kuadhimisha Saba Saba, kumbukumbu ya maandamano ya kudai demokrasia ya Julai 7, 1990. Kwetu Mathare mambo haya hayakutengana. Katika ploti yetu watoto saba walisomea simu moja, na bando liliisha kabla ya zamu ya kitindamimba. Kafyu ya korona, yaani amri ya kutotoka nje, ilipoanza saa tatu usiku tuliwaondoa dirishani, kwani hatukuwa tumemsahau mtoto wa miaka 13 aliyepigwa risasi na polisi waliokuwa wakitekeleza kafyu mtaani Kiamaiko mwezi Machi mwaka huo akiwa roshanini kwao. Vijana wale waliandamana kwa ajili yake, na ninawaunga mkono.

Mzazi, Mathare, Nairobi