YAH: Kufutwa kwa skrini yetu ya kupokea mizigo, na madai yetu kwenu

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkuu wa ghala katika kampuni ya vifaa vya ujenzi iliyopo Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ambayo mfumo wake wa SAP, yaani programu tunayoendeshea oda, ghala na malipo, unahudumiwa na kampuni yenu. Ninaandika kwa ridhaa ya Meneja wetu Mkuu. Sitaeleza mkataba wetu, kwa kuwa mnaufahamu kuliko mimi, wala sitaeleza utaratibu wenu wa kufanya mabadiliko kwenye mfumo wa mteja, kwa kuwa ni ninyi mlioutunga na kutuletea tuutie saini. Ninachoomba mkisome bila kuruka mstari ni kilichotokea Jumanne, saa nne asubuhi, katika mkutano wa mtandaoni mliouitisha wenyewe ili mtuoneshe vipengele vipya vya SAP Screen Personas, chombo cha kurahisisha skrini za SAP.

Katika mkutano huo mshauri wenu aliomba kuiendesha kompyuta yangu akiwa mbali, nikamruhusu, kisha akaifuta flava yetu ya kupokea mizigo, yaani skrini ya SAP tuliyoipanga upya wenyewe kwa chombo hicho, mbele ya watu 14, bila kuniuliza, huku akiniambia nitoe mkono kwenye mausi.

Naomba kwanza mjue mlifuta nini, maana majibu ya ofisi yenu yanaonesha kwamba hakuna aliyejishughulisha kujua. Skrini ya MIGO, ambayo SAP huitumia kuingiza mizigo iliyopokelewa, kama inavyotoka kwa watengenezaji ina sehemu ya juu, jedwali la bidhaa katikati, na chini yake vichupo vinavyofuatana, vyenye visanduku vingi ambavyo mpokea mzigo hana kazi navyo hata kimoja kati ya kumi. Flava yetu ilikuwa na visanduku sita tu, vyote vimeandikwa kwa Kiswahili: Namba ya Oda, Namba ya Hati ya Msafirishaji, Bidhaa, Kiasi Kilichohesabiwa, Ghala, na Maelezo. Chini yake kulikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha kijani kilichoandikwa PITISHA. Aina ya muamala, yaani 101, namba ya kupokea mzigo wa oda, iliwekwa na skripti, yaani maagizo yanayojiendesha yenyewe, hivyo hakuna aliyeweza kuikosea. Kijana aliyeanza kazi Jumatatu aliweza kupokea lori peke yake Jumanne. Niliitengeneza pamoja na watunza ghala wangu wawili, baada ya saa za kazi, kwa muda wa miezi mitano, tukiburuta kisanduku, tukificha kingine, tukijaribu na mzigo halisi, tukirekebisha. Hatukumlipa mtu. Hatukuandika programu yoyote kubwa. Chombo hiki kilitengenezwa kwa kusudi hilohilo, kwamba mtu wa kazi aisogeze skrini iendane na kazi yake bila kumsubiri mtaalamu.

Kuna jambo moja katika flava ile ambalo nalisisitiza kwa sababu hasara yote imetoka hapo. MIGO, ukishaweka namba ya oda, hujijazia yenyewe kiasi kilichobaki kwenye oda. Oda ikiwa ya mifuko 600, kwenye kisanduku cha kiasi inatokea 600 kabla hata turubai la lori halijafunguliwa. Sisi tulikiacha kisanduku hicho kikiwa kitupu kwa makusudi, ili mpokeaji alazimike kushuka, kuhesabu, na kuandika alichokiona kwa macho yake. Flava mpya mliyotuwekea inajaza kiasi chote cha oda, na skripti yake inaweka alama ya kuthibitisha kwenye kila bidhaa, kwa maelezo kwamba hii inapunguza mibofyo. Siku ya Alhamisi lori la gundi ya vigae liliingia na mifuko 560. Kijana wa zamu, ambaye flava aliyoizoea ilikuwa imeondolewa siku mbili kabla, alibofya mara moja na mfumo ukaandika mifuko 600. Ankara ya msambazaji ilikuja na mifuko 600, oda ilisema 600, hati ya mapokezi ilisema 600, na idara ya fedha ikalipa kwa sababu karatasi zote tatu zilikubaliana. Mifuko 40 haipo. Niliigundua Jumamosi, nilipokwenda mwenyewe na chaki kuhesabu pale mzigo ulipopangwa, mara tatu, na hadi leo ninavyoandika barua hii bado tunavutana na msambazaji ambaye ana hati yetu wenyewe inayosema tulipokea mzigo kamili.

Kijana yule amepewa barua ya kujieleza. Nimeomba barua hiyo iondolewe kwenye jalada lake, kwa sababu kosa si lake.

Kuhusu vipengele vipya vyenyewe, sina ugomvi navyo. Slipstream Engine, inayowezesha skrini hizi kufunguka vizuri kwenye simu, ni kitu ambacho ghala letu linakihitaji, na tulikuwa wa kwanza kukiomba. Flava za kiolezo, ambazo mtu mmoja anaziandaa na wengine wanajengea juu yake, ni jambo zuri kwa kampuni yenye matawi. Lakini kwenye maelezo yenu ya kabla ya kazi mlituahidi mambo mawili kwa maandishi: kwamba kila flava iliyopo itakaguliwa baada ya maboresho ili kuona kama kuna kilichovunjika, na kwamba flava zinazotumika zitahifadhiwa kwanza kwenye faili nje ya mfumo. Mnajua kwamba chombo hiki kinaruhusu flava kutolewa kama faili na kuhamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kwa sababu ni ninyi mliotufundisha. Haikukaguliwa. Haikuhifadhiwa. Nilipouliza faili liko wapi, nilijibiwa na mtu wa dawati lenu la msaada kwamba "flava za watumiaji binafsi hazimo katika wigo wa kazi". Skrini iliyopokea kila lori lililoingia kwenye geti letu kwa mwaka mmoja na nusu mmeiita ya mtumiaji binafsi.

Naomba nirudi kwenye mkutano wa Jumanne, kwa sababu katika majibu yenu mmeuita "kutoelewana katika mawasiliano", na mimi sikubaliani na maneno hayo.

Tulikuwa watu 14: watunza ghala wangu sita waliokaa nyuma yangu kwenye viti vya plastiki, mkaguzi wetu wa ndani, mhasibu, Meneja Mkuu akiwa kwenye simu yake njiani, na wengine wa upande wenu. Mshauri wenu aliuliza nani anatumia flava isiyo ya kampuni. Nilisema ni sisi, na nikaeleza sababu ya kuacha kisanduku cha kiasi kikiwa kitupu. Sikumaliza sentensi. Alisema, "Mama, hiyo ndiyo inayotuharibia mfumo, hebu toa mkono kwenye mausi." Nikatoa. Nilidhani anataka kutuonesha kitu. Kishale kikaanza kutembea chenyewe kwenye kioo changu, kikapanda juu kwenye alama ya P, orodha ya flava ikafunguka, na nikaiona ya kwetu, yenye kile kitufe cha kijani kikionekana kidogo kwenye picha yake. Kishale kikasimama juu yake. Kijana mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, anaifuta." Nikasema, na sauti yangu imo kwenye rekodi ya mkutano, "Samahani, subiri kwanza, hiyo tunaitumia." Dirisha dogo likatokea kuuliza kama ana uhakika. Nilikuwa nimeshaweka tena mkono kwenye mausi, nikijaribu kukivuta kishale pembeni, na yeye akakirudisha kutoka huko aliko. Akabofya. Picha ile ikaondoka kwenye orodha. Kisha akasema, na haya nayo yamo kwenye rekodi, "Tumesafisha. Sasa mtajifunza kutumia mfumo kama watu wengine, siyo vitu vya kuandikaandika Kiswahili."

Hakuna aliyesema neno. Watu wa upande wenu walikuwepo, na angalau mmoja wao ni meneja wa mradi, na naye alinyamaza akaendelea na ukurasa uliofuata wa mawasilisho. Nina umri wa miaka 54, nimefanya kazi ya ghala miaka 27, na nimehesabu mizigo kwa daftari, kwa kadi za stoo, na kwa mifumo miwili kabla ya huu. Sijawahi kunyang'anywa kifaa changu cha kazi mikononi mbele ya watu ninaowaongoza. Vijana wale wananiita Mama kwa heshima. Yeye aliniita Mama ili ninyamaze.

Mchana wa siku hiyohiyo nilifungua tiketi ya malalamiko kwenye dawati lenu la msaada. Ilifungwa baada ya dakika 40 ikiwa na alama ya "imetatuliwa". Nikafungua ya pili, ikaunganishwa na ya kwanza, na kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imefungwa, nayo ikafungwa. Siku ya Ijumaa, kabla sijajua habari ya mifuko 40, nilipiga simu ofisini kwenu nikaambiwa niandike barua pepe. Niliandika. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, likiwa na kiungo cha video ya mafunzo kwa wanaoanza kutumia MIGO.

Naomba pia mzingatie jambo hili kabla hamjanijibu. Tangu 2014 watengenezaji wa SAP waliopo Walldorf, Ujerumani, walipotangaza kwamba Screen Personas inajumuishwa kwenye leseni za programu zao, sisi hatulipii chombo hiki peke yake. Tunachowalipa ninyi kila robo mwaka ni utaalamu, uangalizi, na kuheshimu kazi ya watu mnaowahudumia. Hivyo hamwezi kuniambia, kama alivyoniambia mtu wenu wa mauzo kwa simu, kwamba niwasiliane na watengenezaji. Kilichofutwa hakikufutwa na watengenezaji. Kimefutwa na mtu anayelipwa mshahara na ninyi, kwa kutumia ruhusa niliyompa kwa kumwamini.

Kwa hiyo ninadai yafuatayo. Kwanza, flava yetu irudishwe jinsi ilivyokuwa, maandishi yake, skripti zake na kitufe chake, kutoka kwenye nakala ya hifadhi ya mfumo ambayo mkataba unawataka muichukue kila usiku. Sitaki nyingine inayofanana nayo. Ninaitaka ileile. Pili, kisanduku cha kiasi kiachwe kitupu katika kila flava ya kupokea mizigo mtakayotuwekea kuanzia sasa, na skripti ya kuthibitisha bidhaa yenyewe iondolewe leo. Tatu, niombwe radhi kwa maandishi, na nakala ya barua hiyo wapewe watunza ghala wangu sita, kwa majina yao, kwa sababu walikuwepo.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuishia hapo. Lakini nimesikiliza tena rekodi ya mkutano, na nimeona kwamba hayo hayatoshi. Ninadai pia kwamba gharama ya mifuko 40 ilipwe na kampuni yenu na si na msambazaji wala na kijana wangu, kwamba malipo tuliyofanya kwa ajili ya kazi ya maboresho haya yarudishwe yote, na kwamba mshauri yule asiguse tena mfumo wetu, si kwa mbali wala kwa kufika. Meneja wa mradi aliyenyamaza naye abadilishwe. Na kuanzia leo hakuna mtu wa kwenu atakayeruhusiwa kuendesha kompyuta yoyote ya ghala akiwa mbali bila mimi au mkaguzi wa ndani kuandika ruhusa hiyo, ikisema atafanya nini na kwa muda gani.

Nawapa siku saba za kazi tangu kupokea barua hii. Zikipita bila flava yetu kurudi, idara ya fedha imeshaelekezwa kusimamisha malipo ya huduma ya robo hii, na rekodi ya mkutano pamoja na tiketi zote mbili zitakabidhiwa kwa mwanasheria wa kampuni. Mkataba wetu unafika mwisho mwezi Juni. Meneja wetu Mkuu aliniuliza maoni yangu kuhusu kuuendeleza, na nimempa jibu langu kwa maandishi. Lililobaki kwenu ni kunipa sababu ya kulibadilisha.

Wakati nikisubiri, tunapokea mizigo kwa karatasi. Kila lori likiingia, kijana anashuka na ubao na kalamu, anahesabu, anaandika, ananiletea nitie saini, na jioni mimi mwenyewe ninaketi kuingiza kila hati kwenye skrini yenu mpya, nikifuta namba iliyojijaza na kuandika ile iliyohesabiwa, moja baada ya nyingine. Jana niliondoka ofisini saa tatu na robo usiku.

Naomba jibu lenu liandikwe na mtu mwenye mamlaka ya kuamua, na liwe na saini yake.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Ghala

Nakala: Meneja Mkuu, Mkaguzi wa Ndani, Mwanasheria wa Kampuni, Watunza Ghala wote